Kisu, Unga na Mshahara: Historia ya Majiko Yanayowapokea Waliotoka Kifungoni

Jela hazijawahi kukosa wapishi. Popote penye ukuta, lango na selo pana sufuria kubwa, na anayeshika mwiko mara nyingi ni mfungwa. Marekani na Uingereza wamepita watu wengi waliopika kifungoni miaka nenda miaka rudi, wakiwalisha mamia ya wenzao asubuhi, mchana na jioni, kisha wakatoka na kukosa hata kazi ya kuosha vyombo mgahawani. Upishi ule haukuhesabiwa kuwa ujuzi. Cheti hawakupewa, mteja wa nje hakuwahi kuuonja, na kwenye fomu ya kuombea kazi lilikuwapo swali moja linalofuta yote: umewahi kupatikana na hatia?

Makala hii inawahusu watu walioamua kulikabili swali hilo kwa kutumia jiko lenyewe. Hakuna aliyetumwa na wizara. Mmoja aliendesha klabu za usiku, mmoja ni padri, mmoja alikuwa msimamizi wa upishi gerezani, na mmoja alinusurika kifungo akiwa kijana. Walianza mahali tofauti na kwa sababu tofauti, lakini historia yao inanishawishi juu ya jambo ambalo wafadhili hupenda kulikwepa. Aliyetoka jela anahitaji kulipwa, tena kwa kazi ya kweli, kazi ambayo mteja anaweza kuirudisha jikoni ikiwa mbaya. Huruma peke yake haijawahi kumwajiri mtu.

Robert Egger alikuwa mtu wa muziki na starehe. Katika Washington ya miaka ya 1980 alisimamia klabu, na ndoto yake ilikuwa kufungua ya kwake itakayozishinda zote. Jioni moja alikubali kufuatana na wanakanisa waliozunguka na gari kuwagawia chakula watu wanaolala nje, wengine wakijilaza juu ya vyuma vya matundu vinavyotoa mvuke wa joto kutoka chini ya barabara. Alirudi amechukia. Chakula kile kilinunuliwa dukani kwa pesa nzuri, ilhali yeye, mzoefu wa biashara ya hoteli, alijua ni chakula kingi kiasi gani kinachomwagwa kila usiku katika mji ule. Kilichomkera zaidi ni kwamba waliotoa walirudi kwao wameridhika, na waliopokea wakabaki pale pale wakingoja gari la kesho.

Akapeleka wazo lake kwa mashirika ya misaada: tukusanye chakula kinachobaki hotelini na kwenye karamu, tukilete katika jiko moja, na watakaokipika wawe hao hao tunaowalisha, wafundishwe kazi. Wakamkatalia. Akaamua kulifanya mwenyewe. Tarehe 20 Januari 1989 George H. W. Bush aliapishwa kuwa rais, na mabaki ya sherehe zile yakawa chakula cha kwanza cha DC Central Kitchen. Mwaka 1990 darasa la upishi likaanza.

Kwa miaka mingi jiko hilo lilikaa chini ya ardhi, katika ghorofa ya chini kabisa ya makazi makubwa ya watu wasio na pa kulala, kona ya mitaa ya Second na D, mwendo wa miguu tu kutoka Bunge la Marekani. Jengo lenyewe lilipatikana kwa shida: mwaka 1984 mwanaharakati Mitch Snyder aligoma kula kwa siku 51 mpaka serikali ya Ronald Reagan ikakubali kulikarabati. Ukiyajua hayo, sababu ya kuanzisha darasa inaonekana bila maelezo. Kuku waliotolewa bure wanataka kukatwa, viazi vinataka kumenywa, na juu ya dari ya jiko wanalala mamia ya watu ambao hakuna anayewaita kazini.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa ikifunga watu kwa kasi ambayo haikuwahi kuionyesha kabla. Mwaka 1980 magereza na mahabusu zake zilikuwa na takriban watu 500,000. Kufikia 2008 walikuwa zaidi ya milioni 2. Wakazi wa Washington walipata pigo la ziada. Gereza lao la Lorton, lililokuwa ng'ambo ya mto katika jimbo la Virginia, lilifungwa mwaka 2001, na tangu hapo anayehukumiwa kifungo kirefu katika mji huo hukabidhiwa magereza ya serikali kuu, apelekwe popote penye nafasi nchini. Anaweza kumaliza miaka yake yote mahali ambapo mama yake hamudu nauli ya kufika hata mara moja. Watu wa namna hiyo wakawa sehemu kubwa ya wanafunzi wa jiko la Egger.

Kilichokuwa kikiwangoja nje kilipimwa vizuri na mwanasosholojia Devah Pager. Mwaka 2001 aliwatuma vijana waliolingana kwa umri, elimu na mavazi wakaombe kazi za kawaida katika mji wa Milwaukee, baadhi wakijitambulisha kwamba wamewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Matokeo aliyachapisha 2003. Kati ya Wazungu wasio na rekodi ya jela, asilimia 34 waliitwa tena na mwajiri. Wenye rekodi, asilimia 17. Kati ya Weusi wasio na rekodi, asilimia 14. Wenye rekodi, asilimia 5. Soma tena tarakimu za katikati: kijana Mweusi asiye na doa lolote alipata nafasi ndogo kuliko Mzungu aliyesema ametoka jela. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kupanga foleni ya cheti cha tabia njema anaijua hofu ya karatasi moja kuamua riziki, ila huko Milwaukee ngozi iliongeza kufuli la pili.

Kwa nini jiko, basi, na si gereji au saluni? Sababu moja ni sheria. Katika majimbo mengi ya Marekani kazi kadhaa hudai leseni, na leseni hiyo mtu mwenye rekodi ya uhalifu anaweza kunyimwa. Mpishi hahitaji leseni ya kukata vitunguu. Sababu ya pili ni uhaba: migahawa hupoteza watu kila mwezi, na mwenye mgahawa anayekaribia kufungua milango jioni akiwa amepungukiwa na mpishi hana muda wa kuchambua maisha ya mtu aliyesimama mbele yake akijua kazi.

Na kazi hiyo hujulikana kwa mikono. Somo la kwanza ni kisu. Kitambaa kibichi hutandikwa chini ya ubao wa kukatia ili usiteleze. Vidole vya mkono unaoshika kitunguu hukunjwa, ncha zikirudi ndani, ili ubapa wa kisu uegemee vifundo na usizifikie kucha. Kisu butu huogopwa kuliko kikali, maana butu huteleza kikaingia pasipotakiwa. Kuku haivi kwa kutazamwa rangi. Kipimajoto huchomekwa penye nyama nene mpaka kisome nyuzi 74 za Selsiasi. Kila chombo kinachoingia kwenye friji hubandikwa jina la kilichomo na tarehe.

Ipo pia adabu moja ya jikoni ambayo huwa naifikiria sana. Unapopita nyuma ya mwenzako ukiwa na kisu au sufuria ya moto, unatangaza kwa sauti kwamba uko nyuma yake. Wapishi hulifanya hili mara mia kwa siku bila kuliwaza. Lakini mtu aliyetoka mahali ambapo hakuthubutu kumpa yeyote mgongo anatakiwa kujifunza kusimama saa nane mfululizo, uso kwenye ubao, akiamini kwamba anayepita nyuma atasema. Sijui darasa la nadharia linaloweza kufundisha hilo.

Kozi ya DC Central Kitchen imekuwa ya wiki zipatazo 14, pamoja na mazoezi katika jiko la mwajiri wa nje na mtihani wa usalama wa chakula unaotambulika nchi nzima. Pembeni yake yapo mazungumzo yasiyohusu chakula hata kidogo: hasira, madeni, watoto waliokua baba akiwa kifungoni. Mpishi Mhispania José Andrés, aliyefika Washington mwaka 1993 kuongoza mgahawa wa Jaleo, alikuja kujitolea hapo. Alipoanzisha shirika lake mwaka 2010, baada ya tetemeko la Haiti, aliliita World Central Kitchen, na jina hilo lilitoka kwenye jiko la chini ya ardhi.

Upande wa pili wa Marekani mambo yalianzia makaburini. Padri Gregory Boyle, Mjesuiti, alikabidhiwa parokia ya Dolores Mission mwaka 1986. Ni parokia ya watu maskini huko Boyle Heights, mashariki mwa Los Angeles, iliyozungukwa na nyumba za serikali za Pico Gardens na Aliso Village, na ndani ya eneo hilo dogo kulikuwa na magenge manane. Mwaka 1988 alimzika kijana wa kwanza aliyeuawa katika vita vya magenge. Hesabu ya aliowazika tangu hapo imepita 200.

Magazeti humtaja padri, na anastahili, lakini walioanza kutembea ni akina mama wa parokia. Usiku walipita kati ya magenge wakisali, mchana wakaenda kwenye viwanda vya jirani kuuliza nani yuko tayari kuwaajiri watoto wao. Nafasi zilizopatikana hazikutosha, kwa hiyo parokia ikaanza kuwalipa vijana yenyewe: wajenge kituo cha kulelea watoto, wafute maandishi ya magenge ukutani, wasafishe mitaa. Mpango huo waliuita Jobs for a Future. Kila ninaposoma sifa za wapishi mashuhuri katika historia hii huwakumbuka wanawake hao, ambao walikuwa wameshaelewa kwamba kijana anayekwenda kazini asubuhi ana jambo la kupoteza jioni.

Mwishoni mwa Aprili 1992 Los Angeles ililipuka, baada ya mahakama kuwaachia polisi waliorekodiwa wakimpiga Rodney King, mwanamume Mweusi. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mitaa ya Pico-Aliso, ambayo wengi walidhani ingekuwa ya kwanza kuungua, ilinusurika. Boyle alipoulizwa sababu na gazeti alizitaja zile ajira: vijana waliokuwa na kazi ya kuamkia hawakuwa na haja ya kuuchoma mtaa wao. Maneno hayo yalimfikia mtayarishaji wa filamu Ray Stark, akataka kusaidia. Boyle akamwonyesha jengo la zamani la kuokea mikate, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani. Stark akalinunua, na Homeboy Bakery ikazaliwa mwaka huo huo. Punde wakaongeza kibanda cha kuuza tortilla, chapati za mahindi za Kimeksiko, katika soko la Grand Central katikati ya mji.

Sharti gumu la kazi pale halikuwa kuamka mapema. Lilikuwa kusimama meza moja na adui. Vijana wa magenge yaliyokuwa yakipigana risasi waliajiriwa kwa makusudi katika zamu moja, na uokaji una namna yake ya kuwabana. Mmoja anapima uzito wa donge, mwenzake anaviringa, wa tatu anapanga kwenye sinia. Unga ukishaumuka haungoji ugomvi uishe. Wasiposemezana, mkate unaharibika mbele ya macho ya wote na hasara inaonekana kabla ya jua kuchomoza.

Boyle alijaribu biashara nyingine pia. Homeboy Plumbing, ya mafundi bomba, haikufika mbali, kwa kuwa wenye nyumba hawakuwa tayari kumfungulia mlango mtu wa genge. Nadhani hapo panaonekana kwa nini chakula kilifaulu. Mkate hausubiri mnunuzi amkaribishe mwokaji sebuleni. Unakwenda wenyewe mezani kwake, anaula, anaurudia kesho, na siku akijua nani aliuoka atakuwa ameshaupenda.

Oktoba 1999 jengo la mikate liliteketea kwa moto. Tanuri jipya lilipatikana mwaka 2007, Homeboy Industries ilipohamia makao yake mapya karibu na Chinatown. Humo uliingia pia Homegirl Café, mgahawa ulioasisiwa na mpishi Patricia Zarate, ambako wanawake waliotoka maisha hayo hayo hupika na kuhudumia. Anayekubaliwa hukaa miezi 18. Analipwa tangu mwanzo, na ndani ya saa hizo hizo za kazi anakwenda kwa mshauri, darasani, au kwa daktari anayefuta michoro ya genge usoni na shingoni kwa mwanga wa leza.

Kisha ikaja 2010. Mtikisiko wa uchumi ulikuwa umekausha michango huku wanaobisha hodi wakiongezeka. Mwezi Mei shirika lililazimika kuwasimamisha kazi watu wapatao 300, yaani wengi wa wafanyakazi wake, Boyle mwenyewe akiwemo. Yaliyosalia wazi ni yale yaliyouza: mikate na mgahawa. Shirika lilijiinua tena, na Mei 2024 Boyle alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru katika Ikulu ya Marekani. Lakini mwaka ule wa njaa ulifichua hesabu ngumu ya biashara hizi. Mwokaji wa kawaida humng'ang'ania kijana wake hodari asiondoke. Jiko la mafunzo humtoa kila hodari anapokomaa, na kumchukua mwingine asiyejua kukanda. Kila baada ya miezi kadhaa linaanza upya na mikono migeni, tena linailipa mishahara. Faida ya mauzo haiwezi kubeba mzigo huo wote, na anayedai jiko kama hili lijitegemee kabisa anadai lisiwapokee wale ambao liliwekwa kwa ajili yao.

Uingereza walianzia ndani ya ukuta. Alberto Crisci alikuwa msimamizi wa upishi katika gereza la High Down, Surrey, na mwaka 2009 alifungua humo mgahawa wa kweli kwa ajili ya wateja wa nje, The Clink. Wapishi na wahudumu wote ni wafungwa waliobakiza miezi 6 hadi 18 ya kifungo. Wanafanya kazi wiki nzima, wanafanya mitihani ya City & Guilds ambayo hoteli yoyote nchini inaitambua, na wakitoka wanakabidhiwa mshauri anayewasaidia kupata kazi na pa kuishi. Mgahawa wa pili ulifunguliwa Cardiff mwaka 2012, wa tatu katika gereza la Brixton, London, mwaka 2014, na wa nne mwaka 2015 katika gereza la wanawake la Styal.

Kula Brixton kunahitaji maandalizi. Mteja huweka nafasi mapema, huonyesha kitambulisho, huacha simu yake mlangoni. Pombe hakuna. Mezani anakuta chakula kilichopangwa kwa ustadi wa hoteli kubwa, lakini uma na kisu ni vya plastiki. Jikoni, visu vya chuma vinafungiwa kabatini, kila kimoja kwenye alama ya umbo lake iliyochorwa ili pengo lionekane mara moja, na zamu haiishi mpaka vyote vimehesabiwa. Halafu anakuja mhudumu aliyevaa nadhifu, anaulizwa supu ina nini, anajibu. Kwa wateja wengi huyo ndiye mfungwa wa kwanza kuzungumza naye maishani, na anachozungumza ni supu.

Hata hivyo, hatua ya The Clink ninayoithamini kuliko zote haikupigwa picha nyingi. Mwaka 2021, baada ya ugonjwa wa UVIKO-19 kufunga kumbi za chakula, ilianza kupeleka wakufunzi kwenye majiko ya kawaida ya magereza, yale yanayopika chakula cha wafungwa wenyewe, ili anayekoroga sufuria humo naye apimwe na apewe cheti. Ilichukua muda mrefu kupita kiasi kwa mtu kulifikiria hilo.

Cleveland, jimbo la Ohio, nitapapitia haraka, kwa kuwa filamu fupi ya Knife Skills, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, imeshapatangaza. Brandon Chrostowski alikamatwa akiwa na miaka 18 huko Detroit, na jaji akamwacha chini ya uangalizi badala ya kumfunga. Mpishi mmoja akampa kazi, akasoma, akapika Paris na New York, na mwaka 2013 akafungua EDWINS, mgahawa wa Kifaransa unaoendeshwa na watu waliotoka gerezani. Alichagua kwa makusudi upishi mgumu, wenye michuzi ya siku mbili na majina ya mvinyo yasiyotamkika kirahisi. Wapo waliomwona anajidai. Mimi naona aliwaheshimu wanafunzi wake kwa kutowapunguzia kipimo.

Jikoni si peponi, na ingekuwa dhambi kuwaficha vijana hilo. Mshahara wa mwanzo ni mdogo. Zamu huisha usiku wa manane, wakati masharti ya parole mara nyingi humtaka mtu awe nyumbani mapema. Chupa za pombe ziko mita chache kutoka kwa mtu anayepigana na ulevi. Na takwimu za serikali ya Marekani ni nzito: kati ya walioachiwa kutoka magereza ya majimbo 30 mwaka 2005, asilimia 68 walikamatwa tena ndani ya miaka mitatu, na asilimia 83 ndani ya miaka tisa. Kukamatwa si kupatikana na hatia, lakini kunatosha kumpotezea mtu kazi aliyoihangaikia.

Hata Egger mwenyewe alishindwa kuubeba mzigo wa jiko la namna hii alipojaribu mara ya pili. Mwaka 2013 alianzisha L.A. Kitchen huko Los Angeles, akiwaweka meza moja watu wazima waliotoka jela na vijana waliomaliza muda wa kulelewa na serikali, ili mkubwa na mdogo wafundishane. Ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyasoma katika historia hii. Lilifungwa mwaka 2018.

Jiko lake la Washington limeendelea bila yeye. Linaandaa karamu kwa malipo, linasambaza mboga na matunda kwa maduka madogo ya mitaa isiyo na masoko makubwa, na linapika chakula cha shule za mji huo. Mwaka 2023 lilihama kutoka chini ya yale makazi ya kona ya Second na D, likaingia jengo jipya kusini-magharibi mwa mji. Wanaopika vyakula vya shule ni waajiriwa wenye mshahara na bima ya afya, wengi wao wahitimu wa darasa lenyewe, na wanaovila ni watoto wa mji ule ule wapishi hao walikokamatwa.